Taya la Mjusi wa Bahari: Mwalimu Anajibu Barua Zenu

*Mwalimu, habari za siku nyingi. Mimi ni mvuvi hapa Dunga. Kwenye kundi letu la WhatsApp imeletwa picha ya taya refu la jiwe lenye meno kama ya mamba, na chini yake imeandikwa kwamba limetolewa Ziwa Victoria karibu na Mbita. Wazee wamekubali papo hapo. Mimi mwenyewe alfajiri moja, mwaka juzi, niliona mgongo mweusi mrefu ukipita nje ya matete, kisha ukazama. Marehemu babu alikuwa akituambia ziwa lina mwenyewe. Je, mnyama huyo yupo? Vijana wangu wawili wanaogopa sasa kuingia majini usiku. – Mvuvi wa Dunga, Kisumu*

Ndugu yangu mvuvi, asante kwa kunitumia na picha yenyewe. Niliitambua kabla haijamaliza kufunguka kwenye simu. Kwa miaka mingi nilipokuwa nikifundisha Biolojia, picha ya taya hilohilo ilikuwa imebandikwa ukutani, upande wa kushoto wa ubao. Nilikuwa nimeikata kwenye gazeti kuukuu, na kila mwaka kona moja ilibanduka nikaibandika tena. Waambie vijana wako waende kazini. Lile taya halikutoka Mbita. Lilitoka Uholanzi, ndani ya kilima kilicho nje ya mji wa Maastricht, nalo limehifadhiwa Paris tangu mwaka 1795.

Habari yake ni hii. Katika kilima hicho watu walikuwa wakichimba mawe ya chokaa ya kujengea, kwa mahandaki marefu yanayoingia chini kwa chini. Mwishoni mwa karne ya 18 wachimbaji walikutana na mataya makubwa yamekwama ndani ya mwamba. Daktari mmoja wa jeshi aliyeitwa Hoffmann, aliyekuwa akikusanya visukuku vya pale, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, alisema ni mamba. Mtaalamu Petrus Camper akasema hapana, ni nyangumi. Mwaka 1794 jeshi la Ufaransa likauteka mji, na mwaka uliofuata taya likapelekwa Paris. Zimebaki hadithi nyingi za jinsi askari walivyolitafuta, nyingine zina hata chupa za divai ndani yake, lakini hizo nakuachia. Kinachonigusa mimi ni kwamba aliyelitambua taya hilo ni mtoto wa Camper, Adriaan. Baba alikuwa amesema nyangumi. Mwana akatazama upya na mwaka 1799 akaandika kwamba huyu ni mjusi, jamaa ya kenge, ila ni mkubwa kupita kiasi. Mwaka 1808 Georges Cuvier, bingwa wa mifupa wa Ufaransa, akakubaliana naye. Jina Mosasaurus lilikuja mwaka 1822, kutokana na Mosa, jina la Kilatini la mto Meuse unaopita Maastricht. Kwa hiyo ni mjusi wa Mosa. Sisi tumwite mosasauri.

Kenge unamjua, tena unamjua kunishinda mimi. Mama yangu aliuza samaki, na utotoni nilikuwa nikikaa naye ufukweni akipara mbuta. Kenge mmoja alikuwa akitoka kwenye matete kila jioni kuja kutafuta matumbo ya samaki. Nilimtazama siku nyingi. Ulimi wake mrefu wenye ncha mbili ulikuwa ukitoka na kurudi, ukionja hewa. Akishapata kipande hakitafuni. Anakirusha kidogo kinywani, anakisukuma mbele, anakirusha tena, mpaka koo linavimba na kipande kinapita. Akifukuzwa na mbwa aliingia majini, na hapo miguu yote minne ililala ubavuni, mkia ukafanya kazi peke yake, kushoto kulia, kushoto kulia.

Sasa mchukue kenge huyo na umpe bahari ya chumvi na mamilioni ya miaka. Miguu yake minne inageuka makasia. Mkia unapanuka kusimama wima, na kwenye ncha linaota pezi kama la papa lililopinduliwa juu chini. Pezi hilo halikubuniwa na wachoraji. Huko Jordan kilipatikana kisukuku cha jamaa yake aitwaye Prognathodon ambacho alama ya ngozi ya mkia imebaki kwenye jiwe, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 2013. Mwili unakua hadi kiasi cha mita 12, pengine na zaidi kwa wale wakubwa kabisa. Ziweke mashua mbili ndogo za uvuvi mkia kwa kichwa pale Dunga, utapata picha ya urefu wenyewe.

Kinywa chake kilikuwa na jambo ambalo kenge hana. Kwa hilo itakubidi umtazame chatu. Juu kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya kawaida, mosasauri alikuwa na safu nyingine mbili za meno yaliyopinda kuelekea kooni. Windo likishaingia, yale ya ndani yanalishika lisirudi nyuma wakati mataya ya nje yanafunguka tena kusukuma. Chatu hufanya hivyohivyo. Ndiyo maana wataalamu wengi wanamweka mosasauri kwenye ukoo mmoja na kenge na nyoka, ingawa wangali wanabishana ni nani kati ya hao wawili aliye ndugu wa karibu zaidi.

Ninalo jino moja hapa mezani. Nililetewa na mwanafunzi wangu wa zamani aliyekwenda Moroko kikazi. Huko machimbo ya fosfeti yamejaa meno haya hata yanauzwa barabarani. Lina urefu wa kidole changu cha kati. Sehemu ya juu inang'aa kwa rangi ya chai ya rangi, ina ncha, na ukipitisha ukucha pembeni unahisi ukingo uliosimama kama mshono. Chini yake shina ni nene, limefifia, linaacha unga kidoleni kama chaki. Kwenye shina hilo, upande mmoja, kuna shimo ambalo ncha ya kalamu inaingia. Miaka mingi nilidhani limevunjika. Siyo. Humo ndimo jino jipya lilimokuwa likiota, likilila lile la zamani kutoka chini hadi ling'oke. Mnyama huyu aliota meno mapya maisha yake yote, na aliyomwaga yalibaki chini ya bahari. Basi ndiyo sababu Moroko wanayaokota kwa magunia.

Umeona sasa kwamba Afrika anapatikana, ila si kwetu. Mbali na Moroko yuko Niger, yuko Nijeria upande wa Sokoto, na yuko Angola, mahali ambapo mimi ningependa kufika kabla sijafa. Pale Bentiaba, kwenye majabali ya pwani, wametolewa mosasauri wa aina nyingi. Wakati huo Afrika na Amerika Kusini zilikuwa zimekwisha kuachana, Atlantiki ya kusini bado changa na nyembamba, na maji yake yakiwa na chakula tele. Mmoja wa waliopatikana alikuwa na mabaki ya mosasauri wengine watatu tumboni. Ameitwa Prognathodon kianda. Kianda, kwa watu wa Angola, ni mwenye maji, yule anayeitunza bahari na kupewa heshima yake na wavuvi. Niliposoma barua yako na maneno ya babu yako, nililikumbuka jina hilo. Wataalamu wa mifupa na wazee wa pwani walikutana kwenye jina moja na hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima.

Kwa nini basi hayupo kwetu? Tazama umri. Mosasauri wa mwisho walikufa miaka milioni 66 iliyopita, jiwe kubwa la angani lilipopiga pale Chicxulub, Meksiko, na mambo yote ya dunia yakaharibika. Ziwa Victoria lina miaka kama 400,000 tu. Hata huo si umri wa mfululizo, kwa sababu zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, wakati wa ukame mkali, lilikauka, au karibu lote. Tope la chini ya ziwa lililotobolewa na watafiti linaonyesha nyasi na udongo mkavu mahali ambapo leo unatupa nyavu. Mnyama wa mita 12 angejificha wapi? Maji yetu ni baridi yasiyo na chumvi, yako mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na pahali penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80. Ghuba ya Winam haifiki hata hapo.

Halafu kuna jambo ambalo wewe na vijana wako ndio mashahidi wake. Mosasauri hakuwa samaki. Alivuta hewa kwa mapafu kama kenge na kiboko, kwa hiyo lazima angepanda juu kila mara. Usiku wa giza, wakati wa omena, mnawasha taa juu ya maji kutoka Dunga hadi Usenge, ziwa linaonekana kama mji. Macho yote hayo, mwaka baada ya mwaka, yasingemkosa.

Kuhusu ule mgongo uliouona, mimi sikuwepo na wewe ulikuwepo. Nakuamini kwamba uliona kitu. Ila unajua kiboko akipita chini kwa chini anavyoinua mgongo mara moja tu. Unajua fisi maji wanavyoogelea mmoja nyuma ya mwingine hadi wanaonekana mwili mmoja. Chatu huvuka ghuba, tena mara nyingi amepanda gugu maji. Watu wa Nyakach wanaweza kukueleza habari za Omieri, yule chatu aliyeheshimiwa kwa sababu kuja kwake kulihesabiwa kuwa mvua na mavuno. Babu yako aliposema ziwa lina mwenyewe, sidhani alikuwa akizungumzia mjusi. Alikuwa akiwafundisha namna ya kuingia kwenye maji.

Nina neno moja zaidi, na naomba uwasomee vijana. Kabla ya mataya kama lile la Maastricht, watu wengi wenye elimu huko Ulaya walikuwa hawaamini kwamba kiumbe chochote kimewahi kutoweka duniani kabisa. Walisema kama hayupo hapa, yuko bahari nyingine, hatujafika tu. Cuvier alilitumia taya hilo, pamoja na mifupa ya tembo wa kale, kuonyesha kwamba wapo viumbe waliokwisha kabisa. Lilikuwa wazo gumu kwao. Kwetu Kisumu si gumu. Mama yangu alikuwa akinituma kununua fulu, wale samaki wadogo wa rangi rangi, chungu kizima kwa pesa ndogo. Mbuta, samaki mkubwa anayekula samaki wengine, aliletwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 fulu wa aina nyingi, wanakadiriwa kufika 200, walikuwa wamekwisha. Nilikuwa mtu mzima, nikapita sokoni, nikauliza, mama muuzaji akanitazama kama nimeuliza habari ya marehemu. Wanafunzi wangu wa miaka ya baadaye hawakujua ladha yake. Kwa hiyo nikisimama mbele ya picha ya lile taya sioni dubwana la kutisha. Naona fulu.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Nakuru. Nilisema darasani kwamba mosasauri, iktiosauri na plesiosauri ni dinosauri wa majini, rafiki yangu akakataa. Tumewekeana soda. Tena, ni yupi aliyekuwa mkubwa kuliko wote? Na Ziwa Nakuru tunaweza kuwapata? – Mwanafunzi, Nakuru*

Marahaba mwanangu. Nunua soda.

Dinosauri ni ukoo mmoja maalumu. Miguu yao ilisimama wima chini ya kiwiliwili, kama ya ng'ombe, haikutanuka pembeni kama ya mjusi. Kuku anayeparura nyuma ya bweni lenu ametoka kwenye ukoo huo, mosasauri hakutoka humo. Hawa watatu uliowataja hata wao kwa wao si ndugu wa karibu. Iktiosauri aliingia baharini miaka karibu milioni 250 iliyopita, akapata umbo la pomboo, na alikuwa amekwisha kutoweka miaka kama milioni 90 iliyopita. Mosasauri alishika nafasi baadaye. Plesiosauri ni yule wa makasia manne, wengine wao wenye shingo ndefu ajabu. Shingo hiyo ilimchanganya hata Edward Cope wa Marekani, mtaalamu hasa, akaunganisha mifupa ya Elasmosaurus na kuweka kichwa kwenye ncha ya mkia. Wenzake wakamrekebisha. Nakutajia hili kwa sababu kukosea darasani kusikunyime usingizi.

Kwa ukubwa, iktiosauri anaongoza. Mwaka 2020, kwenye ufuko wa Somerset, Uingereza, msichana wa miaka 11 aitwaye Ruby Reynolds alikuwa akitembea na baba yake wakaokota vipande vya mfupa. Vilipounganishwa na vingine vikawa sehemu ya taya la chini, refu kupita mita mbili. Mnyama huyo aliitwa Ichthyotitan mwaka 2024, na wanakadiria alifika mita 25 hivi. Zipange matatu tano za abiria 14, moja nyuma ya nyingine, kwenye stendi ya Nakuru. Ni makadirio, kwa kuwa mwili wote haujapatikana.

Na ukimsoma Ruby, usimwache Mary Anning. Alizaliwa mwaka 1799 katika mji wa Lyme Regis, hukohuko Uingereza. Baba yake alikuwa seremala, akafa akaacha madeni. Mary na kaka yake Joseph wakawa wanatafuta visukuku kwenye maporomoko ya pwani na kuviuza ili wale. Mwaka 1811 Joseph aliona kichwa cha iktiosauri, na Mary akautafuta mwili uliobaki hadi akaupata mwaka uliofuata, akiwa na miaka kama 12. Mwaka 1823 akatoa plesiosauri mzima. Wanaume waliovinunua waliandika makala na kusifiwa. Chama cha wanajiolojia cha London hakikupokea wanawake, naye akafa mwaka 1847 bila kuwa mwanachama wake. Jambo hilo huniuma kila ninaposimulia, na nimelisimulia kwa zaidi ya miaka 30.

Ziwa Nakuru, hapana. Bonde la Ufa lenyewe lilianza kupasuka mamilioni mengi ya miaka baada ya viumbe hawa kwisha. Lakini Kariandusi, pale karibu na Gilgil, hapako mbali. Nenda uone mashoka ya mawe ya watu wa kale na yale mawe meupe mepesi yaliyotokana na viumbe vidogo vya majini. Hiyo ni safari ya Jumamosi moja.

*Mwalimu, mwanangu wa darasa la tano ameokota jiwe lenye umbo la jino shambani kwa shangazi yake karibu na Koru. Anasisitiza ni la mnyama wa baharini aliyemwona kwenye runinga. Amelificha chini ya mto. Nifanye nini? – Mama wa Wawili, Kakamega*

Mama, usilitupe na usimcheke. Mnyama wa baharini siyo, kwa sababu mawe ya Koru yana miaka kama milioni 20, wakati wale walikuwa wamekwisha zamani. Lakini Koru, Songhor na kisiwa cha Rusinga ni mahali ambapo dunia nzima huja kutafuta. Pale Rusinga mwaka 1948 Mary Leakey alipata fuvu la nyani wa kale lililotangazwa kila mahali. Jino la mwanao linaweza kuwa la mnyama wa nchi kavu wa zama hizo, au likawa jiwe tu. Kwa macho yangu siwezi kuamua kutoka hapa.

Litoe chini ya mto, ulifunge kwa pamba ndani ya kopo. Msilioshe kwa brashi, msilipake chochote. Lipigeni picha pembeni ya sarafu ya shilingi kumi ili ukubwa uonekane, kisha mlipeleke Makumbusho ya Kisumu, na mtoto aende mwenyewe aeleze kwa mdomo wake. Kwa sheria ya mwaka 2006 visukuku ni mali ya taifa, haviuzwi wala havitunzwi nyumbani, kwa hiyo mwandae mapema kwamba huenda asirudi nalo. Atalia kidogo. Mwambie jino likiachana na mahali lilipotoka, nusu ya habari yake imepotea, na anayejua mahali hapo ni yeye peke yake.

Kwa hiyo kabla ya safari ya Kisumu, mrudi kwanza kwa shangazi. Asichimbe. Asimame palepale alipoliokota, achomeke kijiti ardhini, na afunge kitambaa chekundu juu yake.